Presha kuka ya umeme ya lita 6: maharagwe ndiyo, matooke ngoja kwanza

Mwenye haraka achukue hili na aende zake: kama nyumbani kwenu maharagwe hupikwa mara tatu kwa wiki au zaidi, nunua. Kama unachowazia ni matooke ya Jumapili, yaani ndizi za kupika na kukanda, baki na sigiri yako, lile jiko la mkaa.

Inayozungumziwa hapa ni ile presha kuka ya umeme ya lita 6, wati 1000, inayouzwa hapa Uganda, Kikuubo mjini Kampala, Busia, Arua na kila mahali penye duka la vyombo vya umeme. Majina yaliyobandikwa mbele ni mengi, ila ukiifungua ni kitu kilekile: sufuria ya ndani, sahani ya moto chini yake, kihisi cha joto katikati ya sahani, mfuniko wenye mpira, vali ya kutolea mvuke, na pini ndogo inayopanda presha ikijaa. Yaliyoandikwa hapa yanaihusu aina hiyo nzima.

Maharagwe ndiyo yanayoilipa mashine hii. Nusu kilo ya maharagwe makavu ya aina ya nambale yasiyolowekwa hutaka maji lita 1.75 na dakika 45 za presha. Yakilala kwenye maji usiku, saa 8 hadi 12, yamwage maji hayo, tia mapya lita 1.25, na dakika 15 zinatosha. Maharagwe ya manjano hulainika mapema zaidi: punguza dakika 2 au 3 kwa yaliyolowekwa, 5 hadi 8 kwa makavu. Dakika hizo zinaanza kuhesabiwa presha ikishajaa. Kabla yake kuna dakika 15 hadi 20 za kupasha moto, na baada yake nyingine 15 hadi 20 za kuiacha ipoe yenyewe. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "maharagwe dakika arobaini na tano tu", wewe panga saa moja na robo hadi saa moja na nusu mpaka sahani ifike mezani. Bado ni nafuu kubwa. Nambale makavu kwenye sigiri huchukua saa mbili na nusu hadi tatu, na muda wote huo kuna mtu wa kupuliza mkaa na kuongeza maji.

Maji ndipo wanapokosea karibu wapishi wote waliozoea sigiri. Kwenye sigiri unatia lita 3 kwa sababu nusu yake itapaa na mvuke. Presha haipotezi maji. Ulichotia ndicho utakachokikuta. Ukitia lita 3 unafungua mfuniko na kuona maharagwe yanaogelea, mchuzi hauna uzito, halafu unalaumu mashine. Yakishakuwa majimaji, dawa yake ni kuchota kikombe kimoja cha maharagwe, kuyaponda kwa mwiko, kuyarudisha, kisha kubonyeza kitufe cha kukaanga na kuacha yachemke bila mfuniko dakika 10.

Usivuke nusu ya sufuria. Alama ya juu iliyochorwa ndani ni ya supu na nyama. Maharagwe yana povu, na povu likifika kwenye vali hubeba maganda yanayoziba tundu la mvuke. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta hulituliza povu. Na presha ikiisha, acha pini ishuke yenyewe. Ukifungua vali kwa mkono wakati maharagwe bado yanachemka ndani, mambo mawili hutokea: maji ya rangi ya chai yanaruka mpaka ukutani, na maharagwe yanapasuka maganda kwa sababu presha ya nje imeshuka ghafla kuliko ya ndani ya punje.

Chumvi weka mapema, hata kwenye maji ya kulowekea ukipenda, kijiko kimoja cha chai kwa lita. Ile imani kwamba chumvi huyafanya maharagwe kuwa magumu haina msingi. Chumvi hulainisha ganda. Kinachokaza ganda ni uchachu, yaani nyanya na ndimu, basi hivyo visubiri mpaka maharagwe yawe laini. Magadi yanalainisha haraka, kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Mwenye presha hana haja nayo.

Kuna maharagwe ambayo hata dakika 60 hayalainiki. Hayo yalikaa ghalani miezi mingi kwenye joto na unyevu, na punje zake zimebadilika ndani. Utayatambua kwa rangi iliyofifia kuwa ya kahawia. Mwuzaji mwingine mtafute.

Jambo moja ni la usalama. Mashine nyingi zina kitufe cha kupika polepole, kinachoshikilia joto chini ya kiwango cha kuchemka kwa saa 6 au 8. Usiweke maharagwe mabichi humo. Maharagwe mekundu hasa yana sumu ya asili ambayo huharibika yakichemka kwelikweli kwa dakika 10 au zaidi, na joto la chini haliiondoi. Anayekula hutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Kwa kitufe cha presha hakuna wasiwasi, maana ndani joto linapita nyuzi 110.

Joto hilo ndilo linaloifanya mashine hii iwe na maana zaidi kwa watu wa milimani. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, karibu mita 1,900, ni nyuzi 93 au 94. Nyuzi mbili tatu hizo ndizo zinazofanya maharagwe ya Kabale yakae motoni mpaka mtu akate tamaa. Presha inaziba pengo hilo, ila si lote, kwa kuwa inaongeza juu ya hewa ambayo tayari ni nyepesi. Vitabu vya mapishi vinavyokuja na mashine vimeandikwa kwa watu wa pwani za nchi nyingine. Kampala ongeza asilimia 10 kwenye dakika zao, Kabale ongeza 20. Dakika zilizotajwa humu ni za Kampala.

Mchuzi wa karanga, binyebwa, una masharti yake. Usipike unga wa karanga chini ya presha. Hutulia chini, hushikana, kihisi kinaona sahani imezidi joto, mashine inakata moto na kuonyesha alama ya hitilafu. Pika kwanza maharagwe au nyama au samaki mkavu, toa presha, fungua. Chukua gramu 250 za karanga mbichi zilizotwangwa, zikoroge pembeni na maji baridi mililita 750 mpaka yasiwepo madonge, mimina, bonyeza kukaanga kwa moto wa chini na koroga bila kuondoka. Itafura na kupanda kama maziwa. Dakika 20 hadi 25, mpaka mafuta yaanze kuonekana juu na ile harufu ya ubichi iishe. Na hizo karanga zichambue kabla ya kutwangwa: zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe, kwa sababu sumu ya ukungu wa karanga haitoki kwa kupikwa, hata kwa presha.

Kwa molokoni, yaani supu ya kwato za ng'ombe, mashine hii haina mpinzani. Kilo moja na nusu ya vipande vya kwato vilivyokwishachomwa na kukwanguliwa, vichemshwe dakika 5 na maji hayo yamwagwe, kisha maji mapya lita 2, kitunguu, tangawizi, chumvi, dakika 75, iache ipoe yenyewe. Supu itaganda kama jeli ikipoa. Nyama ya ng'ombe wa kienyeji, vipande vya ukubwa wa kiberiti, dakika 25 hadi 30. Kuku wa kienyeji 25. Kuku wa kizungu 10, na zaidi ya hapo atabaki nyuzi na mifupa.

Katogo la byenda, yaani matooke na matumbo ya ng'ombe kwenye chungu kimoja, linatoka vizuri likipikwa kwa awamu mbili. Byenda peke yake dakika 35, toa mvuke, weka matooke yaliyomenywa mazima juu yake, nyanya, kitunguu, hakikisha supu inafika nusu ya ndizi, funga tena dakika 7. Ukiweka vyote pamoja tangu mwanzo unapata uji wa ndizi wenye vipande vya mpira.

Pilau inawezekana, na wapishi wa pilau wa mji wa Bombo wanaweza kukunja uso wapendavyo. Nyama na viungo dakika 20 kwanza, kisha pima supu: kikombe kimoja cha supu kwa kikombe kimoja cha mchele uliooshwa na kuchujwa. Kabla ya kufunga, kwangua chini kwa mwiko wa mti mpaka kusiwe na kitu kilichoshika, la sivyo ni ile alama ya hitilafu tena. Dakika 6, iache 10. Ukoko haupo, hilo likubali.

Posho, yaani ugali, usijaribu. Inataka kusongwa, na kusonga ndani ya sufuria yenye rangi isiyoshikwa na chakula ni kuikwangua rangi hiyo ukaila.

Sasa matooke. Muuzaji atakuonyesha kitufe kidogo cha mvuke na kusema inapika matooke dakika 20, na kwa kweli inapika. Mililita 500 za maji chini, kichanja cha waya juu yake, ndizi 12 za wastani zilizofungwa kwenye jani, dakika 20 hadi 22. Ukifungua zimeiva, unazikanda, zinakandika. Kinachokosekana ni yote yanayokuja baadaye. Matooke ya kienyeji huwa na safari mbili: ya kwanza kuiva, ya pili, baada ya kukandwa ndani ya majani, kurudishwa juu ya mkaa mdogo na kuachwa saa nzima au zaidi. Safari hiyo ya pili ndiyo inayotoa rangi ya manjano iliyokolea, ulaini unaokatika kwa kidole, na harufu ya jani inayoingia ndani kabisa. Presha inamaliza ya kwanza haraka, lakini ya pili haiiwezi vizuri. Ukirudisha kifurushi dakika 20 zaidi, ndizi zinalowa kwa sababu mvuke hauna pa kutokea. Unaganda kwenye mfuniko na kudondoka juu ya kifurushi. Rangi inabaki kijivujivu, na yakipoa kidogo yanakuwa magumu upesi.

Halafu kuna nafasi. Sufuria ya lita 6 haina kipenyo cha kutandika uti wa majani chini na kufunika kwa tabaka tatu za majani juu. Watu wanabana, ncha ya jani inapanda mpaka kwenye vali, nyuzi zake zinaingia kwenye tundu. Kama ni lazima, tumia jani moja tu lililolainishwa juu ya moto, likate kingo, na kifurushi kikae chini ya theluthi mbili ya sufuria. Njia ya kati inayoridhisha ni kuivisha kwa presha dakika 20, kukanda, kisha kumalizia kwenye sigiri ndogo ndani ya majani kwa dakika 40. Mkaa unatumika kidogo na mgeni hajui. Mama mkwe atajua.

Umeme wenyewe hauogopeshi kama watu wanavyodhani. Wati 1000 zinavutwa wakati wa kupasha tu. Presha ikijaa, sahani inawaka na kuzima. Nusu kilo ya maharagwe makavu inakula chini kidogo ya nusu uniti ya Yaka, ile mita ya umeme ya kulipia kabla. Uniti ya nyumbani, hata na kodi, haijafika shilingi 1,000, kwa hiyo chungu kizima hakifiki shilingi 500. Wauzaji hupenda kutaja ile bei ya kupikia, shilingi 412 kwa uniti kabla ya kodi, lakini hiyo huanza uniti ya 81 ya mwezi na kuishia ya 150. Presha peke yake, ikipika kila siku, ni uniti 15 hivi kwa mwezi. Nyumba yenye taa na simu tu haifiki huko. Punguzo hilo linamfaa mwenye friji, pasi na televisheni.

Tatizo kubwa ni umeme dhaifu wa jioni. Nguvu ya sahani hushuka kwa mraba wa volti: mita ikisoma 180 badala ya 240, mashine ya wati 1000 inabaki na wati 560 hivi. Kupasha kunafika nusu saa, na kwa kuwa dakika hazianzi kuhesabiwa kabla presha kujaa, mtu anadhani imeharibika. Haijaharibika. Pika mchana, au tia maji ya moto badala ya baridi.

Umeme ukikatika katikati, usifungue. Mfuniko umefungwa, mvuke uko ndani, maharagwe yanaendelea kuiva kwa joto lililobaki. Mashine nyingi husahau programu, basi andika pembeni zimebaki dakika ngapi. Umeme ukirudi ndani ya nusu saa, weka hizo zilizobaki na uongeze 5. Ukichelewa mpaka pini ikashuka na chakula kikapoa kuwa vuguvugu, kichemshe upya kabla ya kula, na kama kimelala hivyo usiku kucha kimwage.

Waya wa kuongezea wa bei rahisi ni adui mwingine. Mashine huvuta zaidi ya ampea 4 na soketi nyembamba zenye matundu sita huyeyuka kwenye tundu moja. Chomeka ukutani. Nyingine zinakuja na plagi ya miguu miwili na adapta ya plastiki. Badilisha plagi kwa ya miguu mitatu yenye waya wa ardhi, kwa maana hiki ni chombo cha chuma chenye maji. Za mtumba soma kibandiko cha chini: kama kimeandika volti 110 au 120, ikiguswa na umeme wa hapa inaungua siku hiyohiyo.

Matatizo ya kila siku ni madogo na yanajirudia. Mvuke unatoka pembeni ya mfuniko: mpira haukukaa kwenye reli yake, au punje ya mchele imelala chini yake. Pini haipandi na mvuke unapita katikati: vali haikugeuzwa upande wa kufunga, au pini imeshikwa na utelezi wa maharagwe, ivute, ioshe, ipitishe kijiti. Sahani inanuka kuungua: kuna maji au unga kati yake na sufuria ya ndani. Pangusa chini ya sufuria kila mara kabla ya kuiingiza, na usithubutu kumwaga chakula bila kuona kwamba sufuria ya ndani imo. Kila fundi wa vyombo hivi amekwisha letewa mashine iliyomwagiwa maji moja kwa moja kwenye sahani. Sufuria ikianguka ikabonyea chini haitagusa kihisi sawasawa, na hapo alama za hitilafu hazitaisha.

Dukani, kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji: "Bosi, tia maji lita moja, chomeka, tuone." Pini inapaswa kupanda ndani ya dakika 10 hadi 12, na kiganja kikizungushwa mbali kidogo na ukingo kisihisi mvuke. Chagua yenye sufuria ya ndani ya chuma kisichoshika kutu kama ipo. Zenye rangi nyeusi isiyoshika ni rahisi kuosha lakini mwiko wa chuma unazimaliza upesi. Hakikisha pia wana mpira wa ziada wa saizi hiyohiyo. Duka lisilo na mpira litakuuzia kitu ambacho kwa mwaka mmoja au miwili kitakuwa sufuria yenye waya.

Mpira wenyewe ukinuka molokoni, usiuchemshe na sabuni kali. Uloweke kwenye maji na siki nusu kwa nusu kwa saa moja, uanike kivulini, na mfuniko uhifadhiwe umegeuzwa juu chini ili upate hewa. Ukiona umelegea kiasi cha kudondoka wenyewe ukiinua mfuniko, au una mpasuko hata mdogo kama kucha, wakati wake umekwisha. Wanaonunua mipira miwili hutenga mmoja kwa nyama na mwingine kwa wali, na wali wao haunuki kwato.